Yudith na Kesi ya Linux Mbili

Watani wetu wanasema Mpare akiibiwa kuku yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Wanasema huku wanacheka, nasi tunacheka nao, kwa sababu kila mmoja wetu anaye mjomba wa namna hiyo. Lakini hata kwa watu wenye sifa hiyo, kesi aliyoifungua Yudith dhidi ya mume wake, mwaka ule wa ukame na mgao wa umeme, ilikuwa ngeni pale Same. Hawakugombea shamba, wala zamu ya maji ya mfereji, wala mahari ya binti. Waligombea Linux ipi ikae ndani ya kompyuta.

Yudith alikuwa mpiga chapa. Alizaliwa Mbaga, juu milimani, akajifunza kazi hiyo Moshi, na miaka ile ya foleni za sukari na sabuni akaajiriwa katika ofisi ya shamba moja la mkonge huku tambarare. Huko ndiko alikomkuta Paskali, fundi wa korona, ile mashine kubwa inayolisaga jani la mkonge hadi zibaki nyuzi tupu. Baba yake Paskali alikuja manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, na Paskali mwenyewe alizaliwa kambini, kwa hiyo Kigoma alikuwa akiisikia tu kama watu wengine wanavyoisikia. Wazee wa Yudith walinung'unika kidogo, kwamba binti wa Kilutheri anashuka mlimani kwenda kuolewa na Mkatoliki wa kambini. Kisha wakapokea mahari, wakanyamaza.

Paskali aliijua korona kwa masikio. Angekuwa mezani anakula, akasikia sauti imebadilika kule kiwandani, angeuacha ugali unapoa na kuondoka bila kuaga. Yudith alikuwa akilalamika, lakini malalamiko yale yalikuwa ya mwanamke anayejivunia. Nani asingejivunia mume ambaye kiwanda kizima hakiwezi kulala bila yeye?

Halafu bei ya mkonge ikaanguka, vipuri vikakosekana, korona ikasimama. Likaja soko huria, likaja jina jipya la mwekezaji, na huyo mwekezaji akaja kweli na magari yake meupe, akachagua vijana. Paskali aliambiwa angoje, ataitwa. Akangoja. Kungoja kukageuka kuwa ndiyo kazi yake. Aliweka kiti nyuma ya nyumba yao ya mjini, akakaa akitazama ukuta wa jirani, mwaka ukaisha na mwingine ukaja. Hakunywa pombe, hakumpiga mtu, hakumsumbua mtu. Mwana wao Daudi alipokuja likizo kutoka Arusha, baba alimwitikia shikamoo yake, akamuuliza habari za safari, basi. Laiti angegombana hata na kuku. Yudith alimtamani mume wake, naye mume yumo humo humo ndani. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma, wala hakumficha Mungu wake katika sala kwamba linamuuma.

Yeye Yudith alifungua kibanda karibu na soko. Alianza na taipureta aliyoinunua siku ofisi ya shamba ilipouza vitu vyake. Kazi kubwa ilikuwa ya shule: walimu walileta mitihani, naye alikata stensili, zile karatasi za nta ambazo herufi huzitoboa, kisha wino ukapita katika mashine ya kurudufu na kutoa nakala za darasa zima. Mitumba ilipofunguliwa milango, haikuleta mashati peke yake. Ilileta pia kompyuta zilizokwisha kufanya kazi Ulaya na kuchokea huko. Yudith akajipatia moja, na printa ya zamani ya pini, ile inayolia kama cherehani. Ukiitoa utepe wake wa wino, pini zake hutoboa stensili vizuri kuliko taipureta. Walimu wakafurahi. Ila walikuja na disketi zao, na disketi zikaja na virusi, na muhula mmoja mtihani mzima wa jiografia ulipotea ndani ya kompyuta usionekane tena. Mwalimu Aminieli, aliyeuleta, hakumtukana. Alisema atauandika upya, akaondoka akitikisa kichwa, na Yudith aliona haya kuliko kama angetukanwa.

Mdogo wake, Irine, alikuwa karani katika chuo kimoja Dar es Salaam. Alipopigiwa simu alicheka kwanza, ndiyo kawaida yake, kisha akatuma kwa basi bahasha ya CD zilizofungwa kwa mpira. Ndani aliandika kwamba hizi zote zinaitwa Linux, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta, virusi vya disketi havizisumbui, na hakuna anayezidaia malipo kwa sababu zimetengenezwa kwa msaragambo: kila mwenye jembe alikuja akachimba kipande chake cha mfereji, na maji ni ya wote. Tatizo, alisema Irine, ni kwamba kila kundi lililotoka kwenye msaragambo ule lilirudi na Linux yake, na kila mmoja husema yake ndiyo tamu. Dada achague mwenyewe.

Basi Yudith akaanza kuchagua. Alizipokea kama wageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe katika kibanda kile lilikuwa stensili. Aliyeshindwa kukata stensili aliagwa kwa heshima. Knoppix ilimfurahisha kwa kuwa ilifanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye CD bila hata kutua mzigo, akaiweka kando kwa siku za dharura. Mandriva ilikuwa nadhifu, lakini Yudith hakuipenda na hakuweza kusema kwa nini, kama vile mtu anavyoweza kutompenda mchumba asiye na kasoro. Kisha akaweka Ubuntu, na hapo moyo wake ukatulia.

Aliipenda kwanza kwa jina, ambalo halikuhitaji mkalimani: ni utu huo huo. Akaipenda kwa rangi yake ya udongo, na kwa picha ndogo ndogo zilizopangwa ili hata mtu asiyejua aguse na afike. Katika kompyuta yake ndogo ilijikongoja, lakini kosa halikuwa lake. Ungemtwika mtoto gunia ungemcheka akisimama kupumua? Zaituni, mama wa chapati wa kibanda cha pili, alikaa mbele yake mchana mmoja akaandika mwenyewe kadi ya mchango wa harusi ya mpwa wake, mwanzo hadi mwisho. Yudith alisema moyoni kwamba hapa amefika.

Ilibaki CD moja tu, Slackware, ambayo Irine aliiandikia kwa kalamu kwamba ni ya wavumilivu. Yudith angeweza kuiacha. Lakini haki ni haki, na mgeni wa mwisho naye ni mgeni. Akaitia.

Mchana huo Paskali alileta makande. Ndiyo ilikuwa safari yake pekee kila siku: kutoka kitini hadi kibandani na bakuli, kutoka kibandani hadi kitini na bakuli tupu. Alikuta kioo cha kompyuta cheusi, maandishi meupe yanapanda mbio, mstari juu ya mstari. Aliweka bakuli juu ya meza. Hakuondoka.

Akauliza maandishi yale yanasema nini. Yudith alishtuka, kwa sababu hakukumbuka ni lini mume wake alimuuliza jambo lisilo la chumvi au la mafuta ya taa. Akamweleza kwamba mashine inapoamka inajipapasa, inataja kila kiungo ilichokikuta: kumbukumbu, diski, kibodi, printa. Paskali akataka kujua mbona zile nyingine zinaamka kimya. Yudith akasema nazo husema, ila zimefunikwa picha ili mtu asiogope.

"Mashine haimwogopeshi mtu kwa kusema," alisema Paskali. "Inamwogopesha ikinyamaza."

Akavuta stuli, akaomba izimwe na kuwashwa tena. Kisha tena. Makande yakapoa. Jioni ile, nyumbani, alisimulia habari za korona moja iliyowahi kukatika mkanda wakati mkurugenzi amekuja na wageni, akasimulia kwa urefu, kwa mikono na miguu, na Yudith akaenda jikoni akalia kidogo penye moshi, ili akiulizwa asingizie kuni.

Tangu siku ile Paskali alikuja asubuhi badala ya mchana. Kiingereza chake kilikuwa haba, lakini mistari ile aliizoea kama sura za watu wa kambini; alijua yupi anamfuata yupi na yupi hukawia kujibu. Asubuhi moja printa iligoma. Yudith alianza kulaumu printa, kisha umeme, kisha shetani. Paskali alisema tu kwamba jana kulikuwa na mstari mwingine pale katikati, leo haupo. Yudith akakumbuka ulikuwa mstari unaotaja jina la printa. Wakafuata waya, wakakuta panya ameutafuna nyuma ya kabati. Paskali aliuunga kwa mikono ile ile iliyokuwa ikiunga mikanda ya korona, wakawasha, na mstari ukarudi mahali pake. Alicheka kwa sauti, na Zaituni akachungulia kuona ni nani anayecheka.

Mitihani ya muhula ikakaribia, na diski ya kompyuta ile ilikuwa ndogo. Linux moja na kazi za shule ziliijaza. Ilibidi kuamua. Yudith akasema Ubuntu. Paskali akasema Slackware. Wakabishana asubuhi, wakabishana wakila, wakabishana wakirudi nyumbani, na Yudith, nitasema ukweli, alinogewa. Miaka yote hiyo hakuwa na mtu wa kubishana naye. Alilala akipanga hoja, akaamka anazo tatu zaidi. Na kwa kuwa ni Mpare, hoja zilipokuwa nyingi zikamwasha, akatamani kuzisema mbele ya watu. Ndipo akampelekea shauri Mzee Eliufoo.

Mzee huyu alikuwa karani mstaafu wa kambi, mzee wa kanisa, na mpenda kesi aliyejifanya kuzichoka. Alisema mambo ya kompyuta hayajui na umri haumruhusu, kisha papo hapo akataja Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo alikaa barazani kwake amevaa koti, akaagiza vielelezo viletwe, na CD mbili zikawekwa juu ya sahani ya bati. Chai ikapita na magimbi. Alimwambia mlalamikaji aanze.

Yudith alisimama. Alisema kibanda ni cha wateja, na mteja akiona kioo cheusi anakumbuka kesi zake. Alisema jina Ubuntu peke yake ni mahubiri. Alisema yeye ndiye anayeketi mbele ya mashine kutwa, macho ni yake, mgongo ni wake. Alimwita Zaituni, naye akashuhudia kwamba ile yenye picha aliiendesha mwenyewe, ila ile nyeusi ilimfanya ajione kama anasomewa mashtaka. Watu wakacheka. Yudith alipoketi alikuwa amechangamka usoni kama msichana.

Paskali alipoambiwa ajibu, alisimama akashika mgongo wa kiti. Huko alikokulia watu hawakuwa na kesi, walikuwa na msimamizi tu. Alisema ile nyeusi inasema inapoumwa. Akatafuta neno lingine, hakulipata, akakaa.

Mzee Eliufoo alifikiri kwa muda unaostahili, akahukumu. Kibanda ni cha Yudith, wateja ni wa Yudith, na chaguo ni la Yudith. Hata kama angekuwa hakimu wa Wilaya asingeamua vingine. Paskali alisema amesikia, akamshukuru mzee, akala gimbi lake lote. Njiani kurudi Yudith alimtania, akamkumbusha jinsi Zaituni alivyosema, na Paskali akatabasamu kwa adabu. Yudith hakuona kitu. Mshindi haoni.

Jumatatu akaifuta ile nyeusi, akaweka Ubuntu. Mchana makande yakaletwa na Zaituni, akisema Baba Daudi amemwomba amsaidie kuyafikisha kwa kuwa anakuja huku huku. Jumanne vivyo hivyo. Yudith aliporudi nyumbani alimkuta mume wake nyuma ya nyumba, kitini, anatazama ukuta. Akamsalimu, akaitikiwa. Akamweleza kwamba Mwalimu Aminieli ameleta mtihani mpya, akajibiwa kwamba ni vizuri. Hakukuwa na kinyongo katika sauti ile, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amerudi kule kule alikokuwa, na safari hii hakupelekwa na mwekezaji. Alipelekwa na mke wake, kwa hoja safi, mbele ya mashahidi.

Siku zile kompyuta ilikuwa nzuri kama siku ya kwanza, udongo wake na picha zake, nayo haikumpa Yudith raha yoyote. Alikata stensili akisikia aibu. Aliona wazi kwamba pale barazani hakuna aliyeuliza swali lenyewe, na yeye aliyekuwa akilijua ndiye aliyelifunika kwa maneno mengi. Mume wake alipata kitu cha kusikiliza, naye akakishitaki.

Alhamisi alifunga kibanda mapema akaenda kwa Mzee Eliufoo. Akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaketi. Akasema amekuja kukata rufaa.

Mzee alivua miwani. Alisema amesikiliza mashauri tangu enzi za kambi, ya mbuzi, ya mipaka, ya wake za watu, na hajaona mshindi akikata rufaa. "Mwanangu, rufaa hukatwa na aliyeshindwa."

"Ndiye mimi, mzee," alisema Yudith.

Akamweleza yote, tangu kiti cha nyuma ya nyumba hadi mstari wa printa uliopotea na ule mcheko. Eliufoo alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alimjua Paskali tangu kijana. Ndiye aliyekuwa akiandika zamu zake. Mwishowe alisema hukumu ikishatoka hairudi tumboni, na yeye hana mamlaka ya kujitengua. "Ila nilihukumu kwamba chaguo ni lako," alisema. "Sikuhukumu uchague nini." Akavaa miwani yake na kuuliza kama magimbi yale ya Jumapili yalikuwa yameiva vizuri, maana mke wake alikuwa na wasiwasi.

Ijumaa umeme ulikuja asubuhi. Yudith alihifadhi kazi za shule kwenye disketi safi, akaitazama Ubuntu yake kwa mara ya mwisho, akaifuta. Alihuzunika, na haina maana kusema hakuhuzunika. Ilikuwa kipenzi chake. Akaitia Slackware. Ilimuuliza maswali mengi kuliko mshenga, akayajibu kadiri alivyoweza, akaiwasha. Maandishi yakapanda, yakapanda, kisha yakasimama. Hayakuendelea tena. Akangoja, akazima, akawasha, yakasimama pale pale. Angeweza kumpigia Irine simu. Hakumpigia. Alimwomba Zaituni amwangalizie kibanda, akaenda nyumbani kwa miguu, jua likiwa kali na vumbi la upepo wa Same likimfuata.

Paskali alikuwa kitini.

"Baba Daudi, mashine imesimama katikati ya maneno."

Alijibu bila kugeuka kwamba ile ya picha haisemi maneno.

"Si ile. Ile nimeifuta."

Hapo akageuka. Alimtazama mke wake, miguu yake yenye vumbi, jasho lake, mikono yake iliyokuwa haijui ikae wapi.

"Si ulishinda, Mama Daudi?"

"Nilishinda."

"Na uliipenda."

"Niliipenda sana," alisema Yudith. "Lakini nafasi ilikuwa ya mmoja tu. Nikakuchagua wewe."

Paskali aliinuka, akaingia ndani, na Yudith akabaki amesimama juani mbele ya kile kiti kitupu, akidhani amekataliwa na akijiambia kwamba ni haki yake akataliwe. Ndani alisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. Mume wake alitoka amevaa viatu na shati la kazi, lile la kaki la zamani za kiwanda, akampita, akashika njia ya sokoni. Alitembea haraka. Yudith alilazimika kukimbia kidogo ili amfikie, mwanamke mzima mwenye mwana Arusha, na watu wa njiani wakawatazama.

Kibandani Yudith aliketi mahali pake kwa mazoea, mbele ya kibodi. Paskali alisimama nyuma yake, akainama, akaanza kuifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, toka juu, midomo ikicheza bila sauti. Kidole kikafika pale maandishi yalipokatikia. Kikatulia.

"Sogea nikae," alisema.

Yudith akasogea.